Mtindi wa Wakwe

Jumatatu, 14 Julai
Nimefagia kibaraza cha Bhoke tena. Mdogo wangu anauza mtindi hapa Mukendo, karibu na ziwa, kwa vibuyu tu: unakunywa hapahapa, au unaondoka na kibuyu na kukirudisha. Hakuna chupa ya plastiki. Wazo langu. Bango pia langu: ziwa linakabwa koo, kila mnunuzi wa plastiki ni mshiriki wa uhalifu. Mteja mmoja leo. Alisoma nusu, akavuka barabara kununua wa chupa. Mwoga.

Jumatano, 16 Julai
Bhoke kasema hali ikiwa hivi mpaka mwisho wa mwezi, anafunga. Anakwenda Buhemba kuwapikia wachimba dhahabu. Nikamwambia dhamiri ya watu huamka polepole. Akacheka: "Dada, watu wanakuja kunywa, hawaji kutubu." Nimekasirika. Nimeongeza mistari miwili kwenye bango.

Ijumaa, 18 Julai
Mtindi umebaki, tumewagawia majirani. Vitabu vyote nilivyosoma kuhusu mazingira, na siwezi kuuza kibuyu kimoja. Naogopa. Akienda Buhemba nitagombana na nani?

Jumamosi, 19 Julai
Kaja Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge Bunda. Kesho anapokea wakwe wa binti yake. Bango hakulitazama. Alinusa kibuyu. Bhoke hukifukiza moshi kwanza, kama alivyokuwaga anafanya mama. Bi Zuhura akafumba macho, akachagua chenye shanga shingoni.
"Wakwe hawatengewi chupa, mama! Watasema binti yangu kaokotwa?"
Nikaanza kumweleza habari za ziwa. Bhoke akanikanyaga mguu.

Jumanne, 22 Julai
Wakwe wamesimulia huko walikokwenda. Wamekuja kina mama watatu kutoka Bunda, kila mmoja anataka kibuyu chenye shanga nyingi kuliko cha Zuhura. Fundi cherehani wa Nyakato anapeleka posa, anataka vinne. Majivuno matupu! Nimetunga shanga mpaka vidole vinauma, nacheka peke yangu. Hakuna hata mmoja aliyenunua kwa kulihurumia ziwa. Na hakuna chupa hata moja iliyotoka kibarazani hapa kwenda ziwani. Nimeshindwa hoja na nina furaha. Inaudhi.

Ijumaa, 25 Julai
Nimeng'oa bango. Bhoke alisaidia, tena kwa haraka isiyo na adabu. Nimeligeuza, nikaandika nyuma: Mtindi wa Wakwe. Maneno matatu! Nimewahi kuandika makala ndefu zisizofanya kazi hii. Mchana vibuyu viliisha, watu wakagombania cha mwisho. Nilipiga vigelegele.

Jumapili, 27 Julai
Bhoke katoka Butiama kwa shangazi akiwa na mbegu za vibuyu kwenye fundo la khanga. Tumezipanda nyuma ya nyumba, yeye akichimba, mimi nikifukia. Ni miezi mingi mpaka vikomae na kukauka. Habari za Buhemba hakuzitaja. Nimekwenda kuchota maji ya kumwagilia.