Watoto wa Nyoka wa Kaka Yako

Barabara ya Xiaobei,
Wilaya ya Yuexiu,
Guangzhou, China.
21 Septemba 2024

Mpendwa wifi yangu Dalila,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo wewe na watoto? Mama anaendeleaje na magoti yake, na sasa anakula au bado anaisukuma sahani pembeni? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah. Moyo ndio mgonjwa, na wewe sina haja ya kukueleza, msiba ni wetu sote.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tukianza tu tunalia, na mazungumzo yanaishia hapo. Barua hii anakuja nayo Dismas, yule mfanyabiashara wa Moshi aliyesimama nasi siku ya maziko ya Ahmada. Mkaribishe ndani umpe chai, usimwache aishie mlangoni.

Eda naendelea nayo hapa hapa, ghorofa ya tisa. Sitoki. Jirani yangu Najat, Mpemba, ndiye miguu yangu. Ananiletea mchele, mboga na habari za sokoni. Wateja wa kaka yako bado wanauliza bei za suruali kwenye simu yake, na mimi nachoka kumwambia kila mmoja upya kwamba mwenye simu ametangulia mbele ya haki.

Sasa nikupe habari ya nyoka. Najua umeshasema audhubillahi. Mzee Liang, mwenye duka la suruali kule soko la Shahe, tunayemwita laoban, yaani bosi, alimpa Ahmada nyoka jike mwembamba, mwenye mistari ya manjano mgongoni, asiyedhuru mtu. Kaka yako na mapenzi yake kwa kila kiumbe kitambaacho akamleta nyumbani. Niligombana naye wiki nzima, kisha nikanyamaza. Ukipenda boga, penda na ua lake. Ahmada alipolazwa hospitali, nyoka alikuwa na mimba, maana aina hii hawatagi, wanazaa. Kila nilipokwenda kumtazama, swali lake la kwanza lilikuwa, "Wameshazaliwa?" Akafa hawajazaliwa.

Wakazaliwa mimi nimo ndani ya eda, kumi na mmoja, wembamba kama penseli. Wifi, unajua mimi na Ahmada hatukujaliwa mtoto. Nikaapa hawa hawatanifia mikononi, kaka yako aliwangoja mno. Nikamweka kila mmoja kwenye kibakuli chake cha plastiki, na tishu yenye unyevu ya kujifichia, na kifuniko nilichokitoboa.

Chakula wakakataa. Najat alileta samaki wazuri, wabichi kabisa, nikawakatakata vidogo kama punje za mchele. Walikuwa wanatoa ulimi mara moja, wanageuza kichwa. Asubuhi moja nikakuta mmoja amekauka. Akafuata wa pili, hata wakafika wanne. Nilikuwa nawafunga kwenye kitambaa, Najat anawazika kwenye chungu cha maua barazani, nami nasimama pale nimeinamisha kichwa kama mwendawazimu.

Mwisho tukampigia Mzee Liang simu ya video, aone mwenyewe ninavyowaandalia. Akatazama, halafu akauliza kile cha kijani nilichokamulia samaki ni nini. Najat akamfasiria kuwa ni ndimu na chumvi. Yule mzee akajishika kichwa.

"Laoban anasema unamwosha samaki mpaka anakuwa si samaki tena," Najat akaniambia. "Hawa wananusa kwa ulimi, Chausiku. Hiyo shombo unayoitoa ndiyo inayowaita kula."

Wifi, nani kwetu anamwandaa samaki bila kumtoa shombo? Mama angenifukuza jikoni! Kumbe nilikuwa nawaua kwa usafi wangu.

Jioni ile nililia, na si kwa ajili ya nyoka. Nilikumbuka nilivyozifua nguo zote za Ahmada wiki ya msiba, kwa sabuni na maji ya moto. Nyingine nikazitoa sadaka, nyingine nikazikunja. Nilitaka ziwe safi. Leo nikifungua kabati nasikia sabuni tu. Sina hata kofia moja yenye harufu ya mume wangu.

Kesho yake kulinyesha, Najat akaenda, kama Mzee Liang alivyotuelekeza, na buibui lake na kijiko cha wali kuchimba nyungunyungu kwenye bustani ya Liuhua. Mabibi wa Kichina waliokuwa wakifanya mazoezi walimkodolea macho, mmoja akachuchumaa kumsaidia. Nikawakata wale nyungunyungu bila kuwaosha, nikawasugua na vipande vya samaki, nikagawa. Nikafunika vibakuli kwa kanga ili wasiogope, nikaketi.

Nilipoinua kanga, wa kwanza ameshapanua taya, kipande kinaingia polepole. Na wa pili. Wote saba wamekula. Wifi, nikasahau. Nilisimama nikaita kwa sauti ya furaha, "Ahmada! Ahmada, njoo uone, wamekula!" Najat akatoka jikoni mikono inachuruzika maji, akasimama ananitazama. Mimi nilikuwa nimeshaufungua mlango wa chumba chetu.

Mbusu Mama mikono kwa niaba yangu. Msalimie mumeo Sufian, na Swalha mdogo umwambie mke wa mjomba wake aliye mbali anamkumbuka. Mola amrehemu Ahmada, amnurishie kaburi lake huku ugenini, na sisi tuliobaki atupe subira.

Wako akupendaye, na atakayebaki wifi yako daima,
Chausiku