Mlio wa Kwenye Kona

Salma mjukuu wangu,

Hapa Satwa hatujambo, ila shangazi yako bado analalamikia joto. Umeniuliza kwa nini sikununua pikipiki ya Kimarekani ya kisasa, isiyo na kabureta wala kiki ya kuwashia kwa mguu, nikang'ang'ania yangu kuukuu.

Ujanani niliifungia bomba jipya la moshi, mlio wake ukatulia kama wa hizo za sasa. Nilipofika nyumbani nikakuta mlango umefungwa na chai haijawekwa mezani. Bibi yako akasema, “Sikukusikia ukikata kona. Irudishie bomba lake.” Nikalirudisha siku hiyohiyo.

Tangu atutoke, kila Ijumaa naipiga kiki na kuzunguka nayo mtaani. Nikifika kona ile nairindimisha kidogo, halafu nautazama mlango.

Ni mimi babu yako, Satwa.