Swali la Akida

Kikuyu, Dodoma, 1912

Kwa kaka yangu Bartolomayo, huko Tabora,

Shikamoo kaka. Mtama umekomaa na kikohozi cha mama kimepungua. Umeuliza habari za mwanangu Sila. Bado hawezi kulala chali.

Sikukueleza yote. Alipokamatwa kwa kuiba mbuzi wa boma, nilimwambia Akida Rehani, yule mtu wa pwani tuliyewekewa na Wadachi, kwamba huyu bado mtoto, na mtoto hapigwi kiboko wala hafungwi mnyororo. Alimgeukia Sila, akamwuliza, "Umeshatahiriwa?" Sila alikuwa ametoka jandoni mwezi uleule, na unajua vijana wetu wanavyojivuna. Akasema, "Ndiyo, mimi ni mwanamume." Akida akacheka, akamwambia Mdachi mkuu wa boma, "Bwana, umemsikia mwenyewe." Basi akapigwa kama mwanamume, akafungwa pamoja na wanaume.

Sasa Swedi, mwana wa akida, ameiba kitambaa dukani, na shahidi ni mimi. Jana baba yake alikuja kwangu, akaketi chini kwenye vumbi. "Mama Sila, wewe ni mzazi. Ana miaka tisa tu. Mwambie Bwana ni mtoto."

Nikampa maji, nikamwambia nitakuja.

Watu wa pwani hutahiri watoto wangali wadogo. Pilau ya sherehe ya tohara ya Swedi niliipika mimi. Kesho nitamwomba Mdachi amwulize swali lilelile.

Najua utaniandikia nimhurumie. Barua yako itanikuta nimeshatoka bomani.

Mdogo wako,
Raheli