Hadithi za Mama kwenye Chumba cha Mashine

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo wewe? Wifi naye? Na yule Kibonge wako, kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima, kila mtu kwa kadiri yake. Shemeji yako goti linamsumbua, lakini mdomo wake hauna maradhi, kwa hiyo nyumba haijapoa. Mama yupo hapa kando yangu, amejinyoosha kwenye kochi, miguu juu ya mto. Ameniagiza nikuandikie kila kitu, nisifiche, maana yeye mwenyewe kwenye simu hukwambia "sijambo" halafu anakata.

Basi nianze na zile hadithi za kusikiliza ulizomwekea. Nilidhani zitaozea humo kwenye simu. Unamjua Mama: hadithi za kale alitusimulia yeye, leo aje asimuliwe na simu? Siku ya kwanza alisikiliza kidogo tu, akasema huyu msomaji anasoma kama anatangaza msiba. Lakini kukaa nusu siku kwenye kiti cha kusafishia damu si mchezo, Kaka. Mkono mmoja una sindano, hauruhusiwi kuutikisa. Maji hapewi, anapewa kipande cha barafu amumunye. Televisheni ya ukutani ina picha, sauti haina. Ikabidi amrudie msomaji wake wa msiba.

Siku moja akacheka peke yake. Mzee wa kiti cha jirani, aliyekuwa akiendesha malori, ambaye wote wanamwita Dereva, akataka kujua kuna nini. Mama akaanza kumsimulia, akachoka, akavua vile vya masikioni na kuiweka simu mezani, sauti juu. Tangu hapo hadithi ikawa ya chumba kizima: Dereva, dada mmoja fundi cherehani, na Mwalimu, mama mstaafu asiyependa kelele. Wakawekeana sheria kwamba hakuna kusikiliza mbele mkiwa nyumbani. Msomaji akisema "Paukwa", siku hizi hata Mwalimu anaitikia "Pakawa", na sista anayefunga sindano naye yumo.

Wakaanza ile ndefu, ya binti aliyekwenda kwa zimwi kudai kivuli cha mama yake. Mama akawa anasema mashine yake nayo ni zimwi, ila limeshamjua, na zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikimsikia anatania hivyo moyo wangu ulikuwa unatulia.

Kumbe nilitulia mapema. Mwezi uliopita presha ilimshuka akiwa kwenye mashine, akazimia. Walimzindua, nikamrudisha nyumbani akiwa mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Chakula alikisogeza tu sahanini. Siku ya kurudi hospitali ilipofika nikamletea viatu, akaniambia, "Virudishe. Siendi."

Nikadhani anakataa siku ile tu. Akasema, "Si leo wala siku nyingine. Nimechoka, mwanangu. Baba yenu alifia kitandani kwake, amelala. Na mimi niacheni nilale kwangu."

Kulia niliona ni kumwongezea mzigo, na kubishana ni kumwonea. Bila mashine hamalizi mwezi. Najua, na yeye anajua. Nikakaa sakafuni, viatu mapajani. Nilitaka kukupigia, akanikataza. Alisema ungekuja mbio ukamlilia, na angerudi kule kwa ajili ya machozi yako, si kwa kupenda kwake.

Tukiwa katika hali hiyo simu yake ikalia. Alikuwa Dereva. Mama akaweka sauti juu, maana sikio lake moja limeshaanza kumsaliti.

"Mama, umechelewa. Wenzio tumeshaunganishwa huku."

"Leo siji, Dereva."

"Basi kesho kutwa?"

Mama akasema, "Binti yangu atawaletea simu, msikilize. Namba ya kuifungulia anaijua."

Upande wa pili nilizisikia mashine zikilia. Dereva akasema, "Simu tunazo, Mama. Hapa kila mtu ana simu. Hatukupiga kwa ajili ya simu."

Kisha nikasikia sauti ya Mwalimu: "Nipeni hiyo. Dada, mimi kubembeleza sijui. Kabla hujaja tulikuwa tunatazama dari, kila mtu na lake. Ukiamua kupumzika nitakuelewa, maana na mimi niliwahi kugoma. Lakini kama unaondoka, njoo utuage mwenyewe."

Mama alikasirika! "Watu wazima na mvi zenu!" akakata simu. Akageukia dirishani, nikamsikia akivuta kamasi. Baada ya muda akasema, "Lete viatu. Nakwenda kuwaaga tu."

Tulipoingia, hakuna aliyesema neno la kuaga. Fundi cherehani alianza kulia, Mama akamfuta kwa upindo wa shuka, akimgombeza. Sista akasema, "Kiti chako sijampa mtu." Mama akajibu, "Kwanza niitie daktari."

Daktari alipokuja, Mama akamwambia, "Mnanipima uzito, mnanipima presha, lakini hakuna anayeniuliza ninajisikiaje." Daktari mwenyewe, kijana tu, alivuta stuli akakaa, akamsikiliza mpaka mwisho. Wakakubaliana mashine iende polepole, hata kama atakaa zaidi. Na siku Mama akisema basi, iwe basi, asiburutwe na mtu. Akanigeukia ili nami niitikie mbele yao. Niliitikia, Kaka. Ilinichoma, lakini niliitikia. Nakuomba na wewe umwitikie atakapokuuliza, maana atakuuliza.

Baada ya hapo ndipo akaketi, akanyoosha mkono.

Hajazimia tena. Siku mbaya zipo, anarudi amekunjamana, hataki kusemeshwa. Zipo na nzuri. Ijumaa binti alitoka kwa zimwi na kivuli amekikunja kwapani, na ikawa ugomvi mkubwa, Dereva akidai zimwi limeshindwa kirahisi mno, Mwalimu akimwambia hakusikiliza vizuri.

Sasa Mama ana ombi. Anasema zilizobaki kwenye simu ni vipande vipande, zinaisha kabla mtu hajakaa sawa. Umtafutie nyingine. Nimemuuliza iwe ndefu kiasi gani. Amefikiri, akaufumba mkono wenye plasta na kuufumbua.

"Mwambie ndefu kabisa."

Mkumbatie Wifi kwa niaba yetu, na Kibonge umwambie shangazi yake anamdai picha ya meno mapya. Shemeji yako anakusalimu, na jirani wa juu kila siku anakuulizia. Mungu aifunike nyumba yako, akulinde uendako na urudiko.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitindamimba