Matumbawe Sebuleni kwa Mama Mkwe

Jumanne, 7 Juni 2005. Kitale.
Nimeongeza maji kwenye tangi la matumbawe kabla ya kwenda studio. Maji ya betri tena, yale safi yasiyo na asidi, kutoka kituo cha petroli. Ya mfereji yana dawa. Ya mvua kutoka kwenye mabati yana zinki. Matumbawe hayataki hata moja. Jamaa wa petroli anadhani nina malori.

Nimepangusa chumvi kwenye kioo. Nimewasha neli za taa za buluu. Vifungo vimefunguka kwanza, kama kawaida. Ndivyo Nafula anavyoyaita yale matumbawe madogo ya kijani, vifungo. Yale ya uyoga yamefuata. Lile kubwa la ngozi bado linajivuta.

Nafula alikuwa ameamka, anatazama. Kitanda tumekihamishia sebuleni tangu daktari aseme mke wangu alale chali mpaka ajifungue. Mimba mbili zimetutoka. Hii ya tatu imevuka pale zile mbili zilipoishia. Hatulisemi kwa sauti.

Tangi ni kwa ajili yake. Tulipooana nilimpeleka pwani, Watamu, tukapanda mashua yenye kioo chini, akalala kifudifudi akitazama matumbawe mpaka tukamwita kula. Sasa hawezi kwenda popote. Kwa hiyo nimeileta Watamu Kitale, kipande chake. Watu wanacheka. Wacheke.

Ijumaa, 10 Juni
Tumbawe la ngozi limejifunga kabisa. Limekuwa kijivu, lina utando kama wa maziwa yaliyopoa. Nimeharibu nini? Nimepima chumvi, iko sawa. Joto sawa. Studioni nilimpiga mama mmoja picha ya kitambulisho akiwa amefumba macho. Akili yangu haikuwa pale.

Nimempigia Bakari, Kilifi. Tulisoma upigaji picha pamoja, sasa yeye anafanya kazi mahali wanapootesha matumbawe juu ya saruji, kwa kibali. Vipande vyangu vyote vimetoka kwake. Alicheka. Ati linabadilisha ngozi tu. Niliache.

Jumatatu, 13 Juni
Limevua ngozi. Chini yake ni rangi ya krimu, safi, vidole vyote nje. Nafula ndiye aliyeona kwanza, akaniita kwa nguvu nikadhani uchungu umemshika. Nilikuja na sabuni usoni. Tulicheka mpaka nikamwambia aache, asitikisike.

Nashukuru kwa asubuhi hii.

Jumatatu, 20 Juni
Mvua ya mawe jioni. Radi imepiga transfoma ya mtaa wetu. Nimeona cheche kwa macho yangu. Giza.

Pampu imesimama. Tangi kimya. Sikujua nimeizoea ile sauti kiasi hicho.

Nimechota maji kwa jagi na kuyarudisha kutoka juu ili yapate hewa. Nafula amehesabu nami akiwa amelala, kama mwalimu wa mazoezi. Baridi ya Kitale mwezi wa Juni si ya mchezo.

Jumatano, 22 Juni
Stima hakuna. Mafundi wamekuja, wametazama juu, wameondoka. Wanasema transfoma nyingine itatoka mbali.

Nimezungushia tangi mablanketi. Chupa za maji moto zinaelea ndani. Joto linashuka tu. Matumbawe ya uyoga yamekunjamana kama zabibu kavu. Naogopa.

Halafu mchana Nafula akapata maumivu. Damu kidogo. Nilikimbia kutoka studio bila kufunga mlango. Daktari amekuja nyumbani, amempima, mtoto yuko salama. Lakini alinivuta kando akanisema. Huyu mama haachwi peke yake nyumba baridi mchana kutwa. Hana mama?

Anaye. Yuko Bungoma. Na kwa mama ndiko nisikotaka, kwa sababu ya ujinga wangu mwenyewe: nikimpeleka huko nitamwona Jumapili kwa Jumapili.

Mama mkwe amempigia Nafula saa hiyo hiyo. Mimi huwa hanipigii. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu: "Mlete mtoto wangu. Na hiyo kitu yake ya maji, ilete. Huku stima iko, na joto iko."

Hiyo kitu yake ya maji. Nilikaa chini nikalia kidogo. Nimechoka.

Alhamisi, 23 Juni. Bungoma.
Kaka yangu Mwangi amekuja na pikapu yake ya kupeleka kabichi soko la Chwele. Nafula mbele, amelazwa kwenye mito. Mimi nyuma, na matumbawe kwenye ndoo zenye vifuniko, kila kipande kwenye maji yake, ndoo zimefungwa magodoro. Tangi tupu katikati. Mwangi aliendesha polepole hata baiskeli zikatupita.

Kwa Wabukusu mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe mkono, wala hakai naye chumba kimoja. Nimeoa huku miaka sasa na chai yangu nanywea verandani. Sisi Wakikuyu hatuna mambo hayo, lakini nyumba ni yake. Kwa hiyo leo mama mkwe alikwenda kwa jirani, nikapanga tangi sebuleni, nikawasha kila kitu, nikatoka. Ndipo akarudi kupitia mlango wa nyuma.

Maelekezo nimeyatoa nikiwa nje ya dirisha, nikiwa nimeligeuzia mgongo. Maji ya betri, kikombe kimoja asubuhi. Taa ziwashwe asubuhi, zizimwe jioni. Mkono wenye sabuni usiingie.

"Na chakula?" akauliza kutoka ndani.

"Mama, chakula chao kikubwa ni mwanga."

Nikamsikia akimuuliza binti yake: "Nafula, mume wako amelala vizuri kweli?"

Jumapili, 3 Julai. Bungoma.
Transfoma ya Kitale bado. Studio naendesha kwa jenereta la jirani.

Nafula amenona usoni. Analishwa uji wa wimbi na kuku wa kienyeji. Matumbawe yamefunguka yote, hata ya uyoga, mapana kuliko yalivyokuwa kwangu. Joto la Bungoma limeyapenda. Nafula anasema mama yake huamka na kuyasalimia kabla ya kumsalimia yeye. Mulembe, mulembe, kwa kila kipande.

Nilikuja na hofu. Naondoka mwepesi. Asante Mungu.

Jumamosi, 16 Julai. Bungoma.
Siku mbaya.

Nimefika, nikatazama dirishani. Kila kitu kimefungwa. Vifungo vimekuwa vidoti. Lile la ngozi limelala ubavu, limelegea. Maji yana povu juu. Nikasikia harufu. Dawa ya mbu, ile ya kupuliza. Chumba kizima.

Nilipayuka. Niliuliza nani amepuliza sumu humu ndani. Nani? Nilisema viumbe hivi ni laini kuliko mbu, kinachomuua mbu kinaviua mara mbili. Nilisema mengine. Nafula alikuwa akiniambia nyamaza, nyamaza bana.

Mama mkwe alijibu kutoka jikoni, hakupandisha sauti.

"Ni mimi. Kuna malaria hapa. Mke wa jirani alikuwa na mimba kama huyu, malaria ikamtoa mtoto. Wewe ulitaka nifanye nini?"

Nikasimama pale kama nguzo. Kisha nikasikia mlango wa nyuma. Ametoka nje na kiti chake, amekaa chini ya ukuta wa jikoni, shuka kichwani, uso upande wa shamba. Akasema kwa sauti ili nisikie: "Nyumba hiyo nimeitoka. Ingia ufanye kazi yako. Mimi sirudi mpaka umalize."

Nikaingia.

Nilifungua madirisha yote. Nilinyonya maji kwa mpira, karibu yote. Kwa bahati nilikuwa nimekuja na mitungi ya maji ya bahari ambayo Bakari alituma kwa basi. Nikasuuza kila kipande kwenye beseni, nikaweka mfuko wa makaa ya kuchujia mbele ya pampu. Nafula alinielekeza kutoka kitandani, vipande viko wapi, kipi kilikuwa wapi. Anavijua kuliko mimi.

Mvua ilianza ningali kazini. Nilichungulia. Mama mkwe hakuwa ameondoka. Amesogea tu chini ya paa dogo la banda la kuku, amekaa hapo na kiti chake, miguu inalowa.

Sijawahi kuona aibu ya namna hii.

Jumapili, 17 Julai
Nimelala kwa shemeji, asubuhi nimerudi dirishani. Vifungo vichache vimejaribu kufunguka. Viwili vya uyoga vimeyeyuka, nimevitoa, vilikuwa vinanuka. La ngozi sijui.

Nimemwomba mama mkwe msamaha kupitia ukuta. Nilijiandaa kwa maneno mengi. Nilisema tu: "Mama, nilikosea. Ulikuwa unamlinda Nafula. Asante."

Akasema, "Si nilijua utasema hivyo ukishakula. Umekula?"

Nilikuwa sijala. Akanitumia viazi vitamu na chai.

Tumekubaliana: neti ya kitanda, nyavu madirishani, hakuna kupuliza. Nyavu nimezipigilia misumari mwenyewe kabla ya kupanda gari.

Jumatano, 27 Julai. Kitale.
Nafula amepiga. La ngozi limesimama. Vidole bado ni vifupi. Nimewaambia wateja wawili ambao hata hawajui tumbawe ni nini.

Stima imerudi leo mtaani. Watu walipiga makofi. Nimetazama ile pembe ya sebule ambapo tangi lilikuwa. Sijafikiria hata dakika moja kulirudisha.

Jumapili, 14 Agosti. Bungoma.
Mtoto anapiga mateke. Nafula ameniruhusu niweke mkono, hapo verandani, kwa vile sasa daktari amemkubalia kukaa kitini kidogo. Teke moja lilinigonga hapa kwenye kiganja. Nilitaka lingine. Nikasubiri kama mjinga mpaka chai ikapoa.

Mama mkwe amegundua jambo ambalo mimi sikuligundua. Vifungo vilivyowekwa karibu na pampu vinasinyaa; akavisogeza pembeni kwa kijiko cha mti, vikafunguka. Hakuniuliza. Amefanya sawasawa. Nafula amenieleza kwa majivuno, kama yeye ndiye mzazi na mama ndiye mtoto.

Namshukuru yule mwanamke kuliko ninavyoweza kumwambia. Na sheria ni kwamba siwezi hata kumpa mkono.

Jumanne, 20 Septemba. Kitale.
Simu ilipigwa nikiwa chumba cha giza, nasafisha picha za harusi. Namba ya Nafula. Nikasema, Nafula, vipi?

Haikuwa Nafula. Ilikuwa sauti ya mama yake. Mara ya kwanza kunipigia.

"Njoroge. Umepata msichana. Mama yake ni mzima. Mtoto ni mzima, analia kama ng'ombe. Tuko hospitali. Kuja."

Nilisema asante. Nilisema asante, asante, mama, asante, mpaka akasema, "Sawa, nimesikia, si uje sasa," akakata.

Nilifungua mlango ghafla nikaunguza karatasi zote za picha kwa mwanga. Bwana harusi atanisamehe au asinisamehe. Nilikaa kwenye ngazi ya studio, nikashindwa kufunga kamba za viatu.

Jumatano, 21 Septemba. Bungoma.
Nimembeba. Mzito. Ana vidole virefu. Hakuna neno lingine leo.

Jumapili, 2 Oktoba. Bungoma.
Jua zuri. Nimekuja tangu jana. Nafula na mtoto wamelala.

Tumezungumza. Wao watarudi Kitale mwezi ujao, mtoto akishika nguvu. Tangi litabaki hapa. Nilimwambia Nafula amuulize mama yake kama ni mzigo. Jibu lililorudi ni kwamba anayetaka kulitoa aanze kwa kumtoa yeye.

Sasa nipo verandani na sahani yangu, ugali na kuku. Baada ya kanisa wamekuja akina mama kumwona mtoto. Wamemwona, wamemwombea, kisha wamehamia kwenye tangi. Nasikia kila kitu kupitia ukutani. Mmoja anauliza kama hayo ni maua ya plastiki. Mwingine anasema ni mawe yaliyopakwa rangi.

"Hapana," mama mkwe anasema. "Hiyo ni nyama. Iko hai. Hiyo kubwa, siku ingine inavua nguo na kuvaa ingine. Na hizi ndogo hazitaki kelele ya maji. Hazitaki dawa. Zinataka tu uziangalie kila siku, basi."

"Na zinakula nini?"

"Mwanga."

Nasikia viti vikisogezwa karibu na kioo. Nimemaliza ugali wangu, nimenawa mikono, nimekaa.