Doa Nililolipiga Msasa

Kaka Rashidi,

Shikamoo. Najua huitikii, ila nikianza bila salamu utasema, "Mnene, siku hizi umeota mapembe."

Kabati la Mama Neema nimelimaliza mie. Mlango mmoja haufungi. Haya, cheka. Benchi lako pale karakanani Keko halijakaliwa na mtu, na randa yako naitumia vibaya vilevile.

Kaka, tangu tukuzike nina kichefuchefu. Kidonda chako cha kisigino kilinuka, tusidanganyane. Tulikuwa tunahamia upande wa upepo tukisingizia joto. Lakini kinyaa chenyewe nauonea mkono wangu huu.

Mwanzo lile doa kisiginoni lilikuwa dogo, jeusi, kama kichwa cha msumari. Ukasema, "Vanishi hiyo, imegandia." Na mie, fundi wa kila kitu, nikachukua msasa. "Tulia braza, nakupiga finishi!" Karakana nzima ikaangua kicheko. Likarudi, nikasugua tena. Lilipotoa damu tukamwagia spiriti ya kupigia polishi, maana ndivyo tunavyojitibu sie. Halafu akaja yule muuza unga wa mitishamba, akakwambia umetegewa uchawi, ukaupaka kwa miezi. Juzi kapita tena, ananiuliza, "Mgonjwa wangu hajambo?" Nilitema mate karibu na kiatu chake.

Daktari alinieleza wewe ukiwa umeshavimba kinena, saratani imeshasambaa. Saratani za ngozi ziko aina kadhaa. Nyingine huletwa na jua, huwaonea sana wenye ualbino. Yako haina habari na jua. Kwa sie weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Ikiwahiwa doa likiwa bichi, hukatwa, na wengi hupona. "Hakuna aliyeliona mapema?" akauliza. Nililiona, kaka. Nililiona kila wiki, nimelishika mkononi.

Sasa usicheke. Chini ya kucha ya dole gumba langu la mguu kuna mstari mweusi. Mwezi wa tatu huu unapanuka. Nilimwambia mke wangu niliangushiwa ubao. Kitambi hiki, ubao ungenifikiaje mguuni? Jana nikajikuta nimepandisha mguu kwenye benchi lako, msasa mkononi. Nilipojiona, nikatapika kweli, juu ya maranda.

Leo asubuhi nimemwonyesha mke wangu. Hakunigombeza. Amenitafutia soksi safi, akaziweka juu ya viatu.

Kesho nakwenda hospitali. Wakitaka kukata kucha, wakate. Dole zima, wakate. Nikirudi, kila fundi pale atavua ndala, mwenyewe nitazame nyayo zake, hata waniite mwehu. Atakayeleta msasa karibu na ngozi ya mtu, nitamfukuza na randa yako.

Pumzika, kaka yangu. Mguu wako nauomba msamaha. Huu wangu nitaupeleka mapema.

Mnene wako