Ardhi Uliyoichora Ikiteremka

Mpendwa dada,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana, maana kila nikifika kwenye shikamoo naona sina uso wa kukuamkia.

Unakumbuka kombeo lako? Ngedere walipovamia mahindi yetu kule Mgeta, ulisimama ukingoni mwa shamba, ukalizungusha juu ya kichwa na kuliachia jiwe. Mimi nilijificha nyuma yako, kwa sababu nikirusha mimi jiwe liliishia kwenye bati la jirani.

"Usisubiri mpaka jiwe limtazame ngedere," uliniambia ukicheka. "Liachie likiwa bado ubavuni, litanyooka lenyewe."

Tulifika kidato cha tano pamoja kwa kuwa ulipoteza mwaka ukimuuguza mama. Siku moja mwalimu wa fizikia akaleta jambo lile lile kwenye jaribio: jiwe linazungushwa kwa kamba, linaachiwa, litaangukia umbali gani? Darasa zima lilitoa macho. Wewe ulitabasamu, ukaanza kuandika. Nami, monita niliyesifiwa kwa Kiingereza changu, nilichungulia karatasi yako na kunakili mstari kwa mstari.

Swali halikusema ardhi ni tambarare, na wewe mtoto wa milimani hukuwahi kuona jiwe likitua mahali tambarare. Ukaichora ardhi ikiteremka, jiwe likaenda mbali kuliko jibu la mwalimu. Mimi, mjinga wa kutupwa, nikaichora ikiteremka vilevile. Zikapatikana karatasi mbili tu zenye mteremko, yako na yangu.

"Nani kaangalizia kwa mwenzake?"

Nilisimama haraka. "Ni dada, mwalimu."

Ulinitazama tu. Ukasimamishwa shule wiki mbili, na baba akasema hawezi kumsomesha mwizi wa majibu. Akakupa jembe. Nilikuwepo, nikaendelea kula ugali.

Leo nafundisha fizikia hapa Kihonda. Nikifika kwenye mwendo wa duara naifunga dasta kwa kamba, naizungusha, naiachia ikiwa ubavuni, na inatua mezani pale pale nilipowaambia. Wanafunzi hupiga makofi. Masikio yangu yanawaka kwa aibu, maana ufundi huo ni wako na sijawahi kuwaambia.

Tangu uniletee binti yako Oliva nikae naye asome, nyumba imechangamka. Juzi mchana tulikuwa tunafanya maswali haya haya. Akakwama, akacheka.

"Nivumilie, mama mdogo. Kukwama huku nimerithi kwa mama. Kaniambia mwenyewe aliachishwa shule kwa kuangalizia kwako."

Dada! Miaka yote hii unanisitiri, hata kwa mtoto uliyemzaa? Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Nikamwambia ageuze ukurasa. Nikawa nimekusaliti mara ya pili, na safari hii si utoto.

Msamaha siuombi kwenye karatasi. Nitapanda huko mwenyewe nipige magoti. Barua hii anakuletea Oliva Jumamosi, na bahasha sijaifunga. Nimemwambia asome yote kabla hajapanda gari, halafu aamue mwenyewe kama atarudi kwangu.

Msalimie shemeji. Mungu akutunze, dada yangu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeangalizia.